Hita ya Picha

Ofisini kwetu kiyoyozi huwekwa nyuzi kumi na nane mwaka mzima, Januari ikiwemo, kwa sababu bosi mkubwa ni mtu wa kutoka jasho. Kwa hiyo mkutano wa kwanza wa kampeni ya joto ulifanyika watu wakiwa wamejikunyata. Wanaume walikuwa na makoti ya suti na mikono kwapani. Madam wa mawasiliano, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kampeni, alikuwa amejitanda shali ya sufu mpaka kidevuni, na ukutani nyuma yake paliwekwa picha ya mtoto amesimama kwenye theluji bila soksi. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyeguswa, kwamba kuna watu wanatetemeka kwa baridi wakati huu huu tunapozungumza. Msichana wa hesabu, aliyekaa chini kabisa ya tundu la kiyoyozi, akaitikia kwa kichwa kwa nguvu zote. Hakuna aliyewaza kuinuka akabonyeza kitufe.

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia. Kazi yangu pale ni mapokezi, lakini kwa Dubai neno hilo ni pana: napokea simu, napokea wageni, napokea vifurushi, napokea lawama, na mtu wa chai akiwa likizo napokea na birika. Faida yake ni kwamba naona kila kitu na hakuna anayeniona mimi.

Kampeni yenyewe sina ugomvi nayo, nalisema hili mapema nisije nikaonekana sina utu. Kila majira ya baridi kampuni inakusanya mablanketi, masweta na hita za umeme, inaikabidhi jumuiya moja ya hisani yenye kibali chake, nayo inapeleka kwa wazee na familia zisizojiweza huko kwenye nchi za milima. Huko watu wanakufa kwa baridi kweli. Ninachokicheka ni njia ambayo hisani ilipitia ilipokuwa mikononi mwetu, na mimi mwenyewe nimo katika hao wa kuchekwa.

Ili tupate hisia, tulipelekwa kwenye ukumbi wa theluji ulio ndani ya maduka makubwa. Kampuni ilitulipia viingilio, tukakodishiwa makoti mazito, suruali zisizopitisha maji, mabuti na glavu, tukaingizwa humo tukajue maskini anavyosikia baridi. Tulikaa dakika ishirini. Kijana wa mauzo aliteleza kwa tumbo kutoka juu mpaka chini, akashangiliwa. Tulipotoka tulipewa chokoleti ya moto yenye povu, na madam akatuomba kila mmoja aseme neno moja juu ya alivyojisikia. Waliosema unyenyekevu walikuwa sita. Mimi nikasema njaa, kwa sababu ilikuwa saa nane na chakula hakijaja, na madam akaandika kwenye daftari lake kwamba nimeunganisha baridi na njaa kwa namna ya kina sana.

Sanduku la michango liliwekwa mbele ya meza yangu, kwa hiyo najua nani alitia nini. Wengi walitoa vizuri, vitu vipya, vingine na lebo zake. Lakini pia nilitoa humo nguo ya kuogelea, glavu moja ya mkono wa kushoto, na sweta la mbwa ambalo kwa siku mbili tulidhani ni la mtoto. Mtu mmoja alileta feni. Nilimuuliza kwa adabu, feni? Akanijibu kwa adabu vilevile kwamba ukikaa nyuma ya mota yake unapata hewa ya moto.

Mambo yangeishia hapo kama si suala la picha. Picha za kutoka milimani huwa zinachelewa, zinafika Machi watu wameshaanza kuwaza Idi, na bosi mkubwa alizitaka kabla ya mwisho wa Januari. Madam akarudi na wazo: mwaka huu tuwe pia na wanufaika wa hapa hapa. Wazee wa Dubai wanaosikia baridi. Akatuuliza kama kuna anayemjua mmoja. Ofisi nzima ikatazama meza, maana Januari ndio mwezi ambao watu wa mji huu hutoka kwenda kula nje na kusema hali ya hewa imekuwa tamu.

Neno likanitoka. Nikasema namjua bibi mmoja, Al Baraha, huko Deira.

Bibi mwenyewe ni wangu, mdogo wake bibi mzaa mama. Aliolewa Unguja akaletwa huku msichana, akazeekea huku. Mumewe ameshatangulia mbele ya haki, mtoto wake mmoja yuko Muscat, mwingine yuko London, na yeye amebaki kwenye fleti ya zamani ya ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya magari. Sakafu ni ya vigae vilivyo baridi kama samaki. Madirisha ya alumini yamepinda, hayafungi sawasawa, na upepo wa Januari unaingia pembeni mwake usiku kucha. Bibi ana baridi yabisi ya magoti na vidole. Miezi hiyo sindano inamshinda kushika, anatembea ameshika ukuta, analala na soksi jozi mbili na kanga imezungushwa kichwani. Mimi nakaa International City, chumba cha kushirikiana na wenzangu watatu, na kwenda kwake ni basi, kisha metro, kisha miguu. Nilikuwa naenda mara moja kwa mwezi, na baadhi ya miezi ilikuwa mirefu.

Kwa hiyo sikudanganya. Bibi alikuwa anasikia baridi na mimi nilitaka apate hita. Usiku nilikuwa namfikiria na vigae vyake, naona uchungu, halafu nalala.

Tatizo lilikuwa kumwambia. Bibi hajawahi kumwomba mtu hata chumvi. Ni katika wale watu wa kwetu wanaoishi kwa sitara: ya ndani yanabaki ndani, na hata kama jikoni hamna kitu, mgeni anafungua mlango anapigwa na harufu ya udi. Zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyezoea kutoa. Watu wangapi walioshuka uwanja wa ndege hapa wakitoka Unguja, Tanga na Mombasa wamelala kwenye sebule yake, mimi nikiwa mmoja wao, sitaki kuhesabu. Kumwambia mtu kama huyo kwamba nimemwandikisha kwenye orodha ya wasiojiweza ingekuwa sawa na kumvua ushungi hadharani. Basi nikafanya kile ambacho watu wa kwetu hufanya jambo likiwa na aibu ndani yake. Nikalifunika.

Fomu nilijaza mwenyewe ofisini, kurasa nne. Ilikuwa imetungwa kwa ajili ya watu wa milimani na hakuna aliyeihariri. Iliuliza chanzo cha joto nyumbani: kuni, makaa, gesi, au mifugo inayolala ndani. Iliuliza umbali wa kwenda barabara inayopitika. Iliuliza kimo cha theluji mlangoni kwa sentimita. Nikaandika sifuri, kompyuta ikakataa sifuri, nikaandika moja. Mwisho iliuliza kama mnufaika anakubali kupigwa picha, nami nikaweka alama ya ndiyo. Nilimjibia yote, hata hilo.

Kisha nikampigia simu. Nikamwambia Jumanne nitakuja na wageni wa kazini, wana shughuli ya kheri, mambo ya hii baridi. Akauliza wangapi. Nikasema na mimi tuko wanne. Akasema, haya, waje. Hakuuliza zaidi, na mimi nikajipongeza kwa ustadi wangu.

Jumanne asubuhi tulipanda gari la kampuni: madam, mpiga picha, mimi, na dereva wetu, Mganda mmoja mpole ambaye ndiye hubeba kila kitu. Nyuma kulikuwa na hita moja mpya, nyeupe, ya mafuta, yenye magurudumu, imefungwa utepe mwekundu. Moyo wangu ukafurahi. Nikauliza kama ndiyo ya Bibi. Madam akanieleza kwa subira kwamba hapana, hiyo ni hita ya picha. Inakwenda nyumba hadi nyumba, mnufaika anapigwa nayo picha, inarudi. Hita za kweli zitagawiwa baada ya hafla, fomu zikishapitiwa. Dereva akaniambia pembeni kwamba nyumba waliyokwenda jana yake, mzee mmoja aliushika waya akakataa kuuachia, ikabidi aahidiwe mambo mengi.

Udi wa Bibi tuliukuta kwenye ngazi. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu na ushungi wa hariri, na mezani alikuwa ameandaa halua, sambusa, kaimati, na kahawa ya tangawizi kwenye vile vikombe vidogo. Kwa vidole vile, sijui aliamka saa ngapi. Madam alikuwa amepanga dakika kumi kwa kila nyumba. Bibi hakujua habari za dakika kumi. Kila madam alipotazama saa, Bibi alimwongeza kahawa, na mpiga picha alikula kaimati kumi na moja, nilimhesabu. Tulikaa nusu saa na ushee tunazungumza juu ya ndoa ya madam, ambayo Bibi alitaka kujua kwa nini haijaleta watoto, na mimi nikawa natafsiri nusu yake.

Hatimaye dereva akaiingiza ile hita, akaisogeza mpaka kando ya kiti cha Bibi, akaunyoosha utepe. Bibi akaitazama. Akanitazama mimi. Kisha akainuka, akashika ukuta, akaingia chumbani.

Alirudi amekumbatia blanketi. Ni lile blanketi zito la tabaka mbili lenye picha ya chui, ambalo hakuna mtu wa pwani aliyewahi kupita Dubai bila kulibeba au kuagizwa. Alikuwa amelikunja, amelitia kwenye mfuko wake wa zipu, na lilikuwa linanuka udi. Nililijua. Ndilo alilokuwa akilala nalo. Akaenda moja kwa moja mbele ya madam, akamwekea mikononi.

"Mwanangu, haya ni machache," akasema. "Wafikishieni wenye haja, na Mwenyezi Mungu atatakabali."

Mpiga picha, mdomo umejaa, akapiga picha. Madam, machozi yanamlengalenga, akaniuliza Bibi amesema nini.

Nilikuwa na nafasi pale. Sekunde moja, labda mbili. Ningeweza kusema kwa lugha zote mbili kwamba kuna jambo nimelivuruga, na kila mtu angeona haya kwa dakika tano, na hadithi ingeishia mezani penye halua. Lakini upande mmoja nilimwogopa madam, na upande wa pili nilimwonea Bibi haya.

"Amesema anashukuru," nikamwambia.

Madam akaweka mkono kifuani, akasema nimwambie Bibi kwamba majira haya hakuna mzee kama yeye atakayelala na baridi. Nikamgeukia Bibi.

"Wanasema wanashukuru."

Bibi akatikisa kichwa kidogo. Kwenye ngazi madam alinong'ona, akauliza blanketi hili ni la nini hasa na kama inafaa kulirudisha. Nikamjibu kwamba ni mila ya kwetu, mgeni haondoki mikono mitupu, na kulirudisha itakuwa kumvunjia heshima. Sehemu ya hayo ni kweli. Kwetu mgeni huondoka na halua kwenye kisahani, hajapata kuondoka na matandiko. Lakini madam ni mtu anayependa sana mila za watu, akasema ni jambo zuri mno na ataliandika. Dereva akashuka, hita mkono huu, blanketi mkono huu. Bibi alikuwa amesimama juu ya ngazi anatupungia, na mimi nikapanda gari moja na blanketi lake.

Wiki iliyofuata nilifika kazini nikamkuta Bibi ananitazama. Walikuwa wamemtengenezea bango la urefu wa mtu, limesimama kwenye mapokezi, mkabala na meza yangu. Picha ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo zaidi ya ule nilioshausema. Wanawake wawili, blanketi moja, mikono minne. Kwa kuangalia tu huwezi kujua linatoka wapi linakwenda wapi. Nyuma yao hita na utepe wake. Chini yake, kwa Kiarabu na Kiingereza, waliandika kwamba bibi wa Deira anapokea joto lake la kwanza la majira haya.

Nilikaa naye uso kwa uso wiki tatu. Wageni waliingia, wakasimama, wakasema masikini, bibi mzuri, kampuni gani hii yenye moyo, nami nikawaambia wakae, wanywe maji. Siku ya kwanza dereva aliingia na vifurushi, akalisoma bango polepole, akaja mpaka mezani kwangu.

"Sista," akasema, "ile blanketi mimi nilibeba kushuka nayo. Sikupanda nayo."

Nikamwambia najua. Nikamwomba anyamaze. Akasema yeye atanyamaza, ana watoto wanasoma Masaka, lakini alitaka tu mtu ajue.

Hafla ilifanyika hotelini. Ukumbi ulikuwa wa baridi kuliko ofisi, na juu ya kila kiti mgeni aliwekewa kijiblanketi chenye nembo ya kampuni, ili asisumbuke wakati wa hotuba. Hita za kweli ziligawiwa baadaye kwa waliokamilisha fomu, na yule mzee aliyeng'ang'ania waya nasikia alipata, hilo nalishukuru. Fomu ya Bibi ilirudi. Mtu fulani makini kwenye meza fulani alikuwa ameandika pembeni kwamba taarifa ya theluji mlangoni haiaminiki kwa eneo husika. Katika kampeni nzima huyo ndiye mtu pekee aliyesoma kitu mpaka mwisho, na alisoma kwa ajili ya kutunyima. Na mablanketi yaliyozidi, dereva aliniambia, aliagizwa ayapeleke bandari ya Hamriya, yapakiwe kwenye jahazi la kwenda Afrika. Blanketi la chui lilikuwamo. Huenda sasa hivi lipo Unguja kwenye jua la saa saba, na aliyelipata anamshukuru mtu wa Dubai asiyemjua.

Hapo nilikuwa bado najiambia kwamba siri ni yangu na dereva. Nilisahau kwamba watu wetu wana simu. Mtu alipiga picha bango, akalituma kwa mwenzake, mwenzake akamtumia mama yangu mkubwa Unguja, na siku ya Alhamisi likaangukia kwenye kundi la familia. Mama mkubwa aliandika: "Jamani, huyu si mama mdogo? Kumbe hali imefika huko?" Binamu wa Dar akaweka alama za kulia, nyingi. Mjomba wa Muscat akapiga simu kwa kila mtu akiuliza nani amemdhalilisha mama yake. Mjomba wa London akaandika kwamba inafaa tujadili jambo hili kwa kina, kisha hakuandika tena. Mimi nilisoma yote, nikaona kwenye orodha ya waliosoma kwamba Bibi naye amesoma.

Jumamosi nikaenda. Sijawahi kuona njia ya metro fupi namna ile. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, soksi jozi mbili miguuni, simu pajani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha pa kukaa. Hakuwasha udi.

"Siku ile uliwaambia n'nasemaje?"

"Niliwaambia unashukuru, Bibi."

"Na mie ukanambia wao ndio wenye kushukuru."

"Ndiyo."

"Basi tumeshukuriana pande zote, na blanketi langu likenda."

Nikalia. Nililia kwa aibu, na kwa hasira ya kujiona mimi niliyekuwa nawacheka wenye shali za sufu ndiye niliyefanya baya kuliko wote. Bibi aliniacha nilie mpaka nikamaliza mwenyewe. Kisha akaniambia kwamba alijua. Alipoiona hita imefungwa utepe alijua ameshaandikwa mahali, na kwamba aliyemwandikisha ni mimi. Ndiyo maana akaingia chumbani. Kama watu wamekuja nyumbani kwake kumpa mbele ya kamera, alisema, basi yeye atawatangulia kuwapa, waondoke wao ndio wamepewa. Alidhani mambo yakionekana kwa macho yanatosha. Hakujua kwamba picha inaandikwa chini.

Nikamwambia sikuwa na nia mbaya. Nikamwambia nilikuwa silali vizuri nikimfikiria na baridi hii, na nilichotaka ni apate hita tu.

Akanyoosha kidole kwenye kabati la ukutani, akaniambia nifungue.

Ndani, chini ya mashuka yaliyokunjwa, kulikuwa na hita mbili kwenye maboksi yake. Moja ilitoka kwa mjomba wa Muscat, nyingine kwa mjomba wa London. Wote wawili waliagiza mtandaoni, karibu wakati mmoja, baridi ya mwaka uliopita, na vijana wa kupeleka mizigo waliziacha mlangoni kwa tofauti ya siku tatu. Ya London gundi ya boksi ilikuwa haijakatwa. Mimi hata boksi sikuleta. Nilileta fomu.

Nikamuuliza kwa nini haziwashi, na miguu yake ile. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kanga, akaikunjua. Pindo lake lilikuwa limeungua, hudhurungi katikati na jeusi pembeni, upana wa sahani ya wali. Akaniambia mwaka jana aliiwasha hiyo ya Muscat, akapata joto, na joto likamletea usingizi pale pale kitini. Kilichomwamsha ni harufu. Alisema dawa zake za magoti zinamlaza vibaya, hasikii kitu, na tangu siku hiyo hita ameifungia kabatini.

"Hita n'nazo," akasema. "Wa kuizima ndiye sina."

Nikaitoa ya Muscat, nikaifuta vumbi, nikaichomeka, nikaiweka mbali na pazia. Bibi akavua soksi za juu, kisha za ndani, akaielekezea nyayo. Ilikuwa saa kumi alasiri. Saa kumi na mbili alikuwa amelala kitini, mdomo wazi kidogo, vidole vya mikono vimelegea kwa mara ya kwanza tangu nije. Mimi nikakaa naichunga hita. Saa mbili nikaizima, nikamfunika, nikaenda kukimbilia basi langu.

Siku hizi naenda kila Jumamosi. Madam alipopata habari aliguswa sana, akaniuliza kama mpiga picha anaweza kuja siku moja kwa ajili ya kampeni ijayo, na nikamwambia Bibi hapendi tena wageni. Nafika saa kumi, naitoa kabatini, naiwasha. Saa mbili naizima, nairudisha. Familia inanisifu kwenye kundi. Jumapili mpaka Ijumaa Bibi anavaa soksi.